Tambarare Haikumbuki

Kijana aliuliza maswali mawili tu, na yote mawili yalikuwa mabaya. La kwanza, uwanja wa ndege wa zamani ulianzia wapi na kuishia wapi. La pili, lile basi la mji, enzi zile mji mzima una basi moja, lilipita njia gani na liligeuzia wapi.

Aliuliza akiwa amesimama mbele ya genge la Stumai, amevaa raba nyeupe ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezivaa Songea mwezi wa pili, tope jekundu limempanda kila mtu hadi magotini. Stumai alizitazama zile raba kabla ya kumtazama mwenyewe. Hazikuwa na hata doa. Maana yake kijana ameshushwa na gari hapo karibu, na hakutaka gari lenyewe lionekane.

"Namtafuta Mzee Hironimus Gama," alisema. "Nimeambiwa ndiye aliyeliendesha lile basi."

"Umeambiwa na nani?"

"Na watu, mama."

"Watu hawana majina?"

Kijana akacheka kidogo. Stumai hakucheka. Aliendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu, zile zilizopasuka akizigeuzia chini.

"Naitwa Anord. Nakusanya kumbukumbu za mji wetu. Narekodi, naweka mtandaoni, watu wasikilize. Wazee wanaondoka nazo."

"Na anayekulipa?"

"Hakuna anayenilipa, mama."

Hapo ndipo Stumai alipopata hakika kwamba huyu ni mwongo. Mtu akusanye maneno ya wazee bure, na raba nyeupe, mwezi wa pili!

"Mzee hayupo. Amekwenda Namtumbo kwa binti yake."

Nyuma ya nyumba Mzee Hironimus, baba mkwe wake, akakohoa, kile kikohozi chake kirefu cha asubuhi, kisha akamfukuza kuku kwa sauti iliyofika barabarani.

"Yule ni nani?" Anord aliuliza.

"Mgeni," Stumai alisema. "Ana kifua."

*

Otto, mume wa Stumai, aliporudi jioni kutoka kwenye ujenzi hakuvua hata viatu. Saruji ilikuwa bado imeganda kwenye vidole vyake.

"Alitaja uwanja?"

"Uwanja na basi. Anataka kujua uliishia wapi. Nani anauliza uwanja uliishia wapi kama hana kamba ya kupimia mfukoni?"

Watu wa mtaa wa Tambarare walijua wanakaa juu ya nini, hata kama hawakulisema. Ukichimba choo, sururu inapita kwenye udongo laini kiasi cha kiganja, kisha inalia kama imegonga chuma: changarawe iliyoshindiliwa na mashine. Mvua ikinyesha, maji yanasimama juu, hayana pa kuzama. Songea yote ni vilima na mabonde, ila hapa, nyuma ya Lizaboni, ardhi imelala kama meza na nyumba zimejipanga mstari mmoja ambao hakuna aliyeupima. Hakuna aliyekuwa na hati. Na tangu mwaka uanze, mtaa ulikuwa umejaa tetesi kwamba serikali inayarudisha maeneo yake ya zamani. Mara gari la manispaa limepita polepole, mara mtu ameonekana akipiga picha paa la jirani. Sasa huyu wa raba.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Rupert, aliwaita wenye nyumba uani kwake, geti likafungwa kana kwamba wanagawana nyama ya wizi.

"Hapa palikuwa mashamba ya mihogo," alisema. "Atakayeulizwa, jibu ni mihogo. Ndege hatukuiona. Basi hatukuliona."

"Na Mzee Gama?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka nyuma.

Wote wakamgeukia Otto. Mzee Gama alikuwa amemsimulia ule uwanja kila mtu aliyewahi kukaa karibu naye: kinyozi, katekista, mafundi wa umeme waliokuja kukata umeme.

"Niachieni mimi," Otto alisema.

Alimkuta baba yake ukumbini ananoa jembe.

"Baba, kuna mtu anauliza uwanja wa ndege."

Uso wa mzee ukang'aa. "Yuko wapi? Mlete akae."

"Baba, sikiliza. Wakijua nyumba hizi ziko juu ya uwanja, watazibomoa. Hii nyumba nimeijenga tofali kwa tofali, unajua. Hatuna pengine."

Mzee Hironimus aliupima ukali wa jembe kwa kidole gumba. "Kwa hiyo nidanganye."

"Usidanganye. Usiseme chochote. Sisi tutawaambia kichwa kimechoka, umesahau."

"Nimesahau nini?"

"Vyote, baba. Mpaka hili lipite."

"Vyote," mzee alirudia taratibu, kama mtu anayetajiwa namba ya simu. Akarudi kwenye jembe lake. "Sawa."

*

Anord alirudi na kilo ya sukari. Otto alimpokea mlangoni, akiwa ameweka mkono kwenye fremu ili kijana asipate pa kupita, akamweleza habari ya kichwa. Kwenye benchi la uani Mzee Hironimus alikuwa ameshika kiatu chake mkononi, anakitazama kana kwamba ni cha mtu asiyemjua.

"Pole sana, kaka," Anord alisema, na kwa sauti yake ungesema amepoteza ndugu. "Nimechelewa." Akaiacha sukari, akaondoka.

Stumai hakuigusa sukari ile. Aliwamwagia sisimizi kijiko kimoja karibu na mlango wa jiko, akakaa kuangalia kama watakufa. Hawakufa. Hata hivyo aliificha juu ya kabati, kwa sababu sisimizi si watu.

Uongo ulifanya kazi kuliko Otto alivyotegemea. Kinyozi aliacha kumuuliza mzee anataka kunyolewaje, alimuuliza Otto, "Huyu nimnyoe tu zote?" Jirani wa upande wa juu alikuja kumsimulia Stumai mambo ya mume wake mwenyewe na mwanamke wa Bombambili, mzee akiwa amekaa katikati yao, na hakushusha sauti, kama vile mzee ni nguzo ya kibaraza. Kwenye jumuiya, Mzee Hironimus ndiye aliyekuwa akiongoza rozari tangu mke wake akiwa hai. Alhamisi ile kiongozi alimpa rozari mtu mwingine, kisha akainama sikioni mwa mzee na kupiga kelele, "Mzee! Umelala vizuri?" Masikio ya mzee hayakuwa na ugonjwa wowote. Otto aliyaona yote mawili, akatazama miguu yake.

Bi Zuhura peke yake ndiye ambaye hakubadilika, kwa sababu mtani habadiliki. Alikuwa Myao wa Nalasi kule Tunduru, muuza dagaa wa Nyasa, na kila apitapo lazima amtukane Mzee Hironimus kidogo ndipo siku yake iende. Siku hiyo alimvua kofia kichwani, akaivaa yeye.

"Wee Mngoni, hii nachukua. Babu zenu walitoka kwa Wazulu mpaka hapa kwa miguu kwa kukosa nauli, leo wewe unavaa kofia ya kununua?"

Jibu lake lilijulikana mtaa mzima: na nyie Wayao mlitupokea mkiwa juu ya miti. Bi Zuhura alisubiri. Mzee alimtazama, macho yakapita begani kwake yakaenda kwenye banda la kuku.

Bi Zuhura akaivua kofia, akamrudishia taratibu.

"Huyu amekufa," alimwambia Stumai wakiwa gengeni. "Mmebakisha kumzika tu."

"Shangazi, acha bwana."

"Wallahi tena. Mngoni asiyejibu tusi?" Akajitwika beseni lake. Hakudai hata hela ya dagaa.

*

Habari ilifika Namtumbo. Nani aliipeleka haikujulikana, na kila mtu alimdhania mwenzake. Aurelia, dada yake Otto, alishuka kwenye basi la asubuhi akiwa na kiroba cha unga na uso uliofungwa.

"Karibu, wifi," Stumai alisema.

"Baba mmempa nini?"

"Kaa kwanza, wifi, upumzike."

"Sikuja kupumzika."

Akaingia uani. Mzee alikuwa anabangua karanga. Aurelia alipiga magoti mbele yake, kitenge kikagusa tope. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama kwa upole sana. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Otto akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kama mtu anavyocheka akiteleza kwenye ngazi. Kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote ambavyo angeweza kufanya.

"Unacheka, Otto? Baba ananiuliza mimi ni mtoto wa nani, wewe unacheka?"

Otto alimvuta nyuma ya choo, akamweleza kwa kunong'ona: yule kijana, mkutano, mihogo. Aurelia alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Kwa hiyo anaigiza."

"Anaigiza."

"Anaigiza kunisahau mimi. Niliyemwogesha alipovunjika mguu."

"Sisi tulimwambia tu..."

"Mlimwambia anisahau mimi?"

"Aurelia, punguza sauti."

"Sipunguzi. Hebu nijibu. Mzee akiwa hana akili, kiwanja kinaandikwa jina la nani?" Hakusubiri. "La mtoto wa kiume. Nimejijibu. Na huyu mkeo, kwao Tunduru, huko dawa za kumpumbaza mtu wala hazinunuliwi dukani."

Dirisha la jiko lilikuwa wazi. Stumai, aliyekuwa anakoroga uji, aliendelea kuukoroga mpaka ukashika chini.

Wakati wa jioni Otto alimfuata baba yake chumbani, akarudisha mlango.

"Baba, Aurelia analia."

"Aurelia ni nani?"

"Baba. Tuko wawili hapa."

Mzee alitupa maganda ya karanga kwenye kopo. "Uliniambia nisahau vyote, Otto. Hukuniambia nisahau nusu."

"Nilisema kwa wageni."

"Hukusema kwa wageni. Ulisema vyote. Na Alhamisi waliponinyang'anya rozari ulitazama viatu vyako. Nikasema, kumbe ndiyo tulivyokubaliana." Akachukua karanga nyingine. "Sasa niache. Kichwa kimechoka."

*

Gari la matangazo lilipita kesho yake likipaza sauti. Wapimaji wanakuja. Tambarare inarasimishwa, kila mwenye nyumba atapata hati yake. Watu walitoka nje wakipiga vigelegele, kisha kipaza sauti kikaendelea, vigelegele vikakatika: isipokuwa maeneo yaliyokuwa ya taasisi za umma, shule, zahanati, viwanja, ambayo yatatengwa na kurudishwa serikalini. Mwenye kiwanja asimame mwenyewe kwenye kiwanja chake. Majirani wawe mashahidi. Kiwanja chenye pingamizi hakitapimwa.

"Viwanja," Bwana Rupert alirudia, amesimama barabarani. "Kasema viwanja vya nini? Vya mpira?"

Gari likakata kona.

Aurelia alisema waziwazi wakati wa chakula kwamba pingamizi atalitoa yeye. Hakuja Songea kuona baba yake akishikwa kidole na kugandamizwa kwenye wino. Otto aliweka tonge chini. Pingamizi likitolewa, kiwanja kinarukwa. Kikirukwa, wao peke yao katika mtaa mzima watabaki hawana karatasi, wakisubiri mabaraza ya ardhi ambayo watu huzeeka wakiyasubiri.

Stumai alijifunga khanga akaenda kwa Bi Zuhura.

"Shangazi, mzee hana ugonjwa. Ni sisi tulimwambia." Akamweleza yote, mpaka lile neno la dawa za Tunduru.

Bi Zuhura alikuwa anachambua dagaa, vichwa upande huu, mchanga upande ule. "Astaghafirullah. Mkamfunga mdomo Mngoni, mkategemea nini? Mngoni akikasirika anakasirika mpaka kwenye msiba wake."

"Sasa tumfungueje?"

"Hafunguliwi kwa kubembelezwa. Kwa tusi." Akafikiri. "Nimguse kwenye uwanja?"

"Usiguse uwanja, shangazi! Utatuua. Mguse kwenye basi. Kule tu kwenye basi."

*

Wapimaji walifika wakiwa watatu, wakiongozwa na afisa aitwaye Honorata, mama mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu mkuu. Na siku hiyohiyo, kwenye uchochoro, Anord akatokea na simu yake mkononi.

"Mnataka ushahidi gani tena?" Bwana Rupert alinong'ona. "Wamekuja pamoja."

Hawakuja pamoja. Anord alikuwa amefuata kelele kama watu wengine. Lakini macho ya mtaa yalikuwa yameshamhukumu, akajikuta amesimama peke yake kwenye uwazi ambao hakuna aliyeusogelea.

Kwa Mzee Gama walimkuta mzee amekaa kwenye kiti katikati ya ua, amevaa koti la kanisani.

"Mwenye kiwanja ni nani?"

"Baba yangu," Otto alisema.

"Mzee, jina lako?"

Mzee Hironimus alikuwa anatazama kunguru juu ya paa.

"Mheshimiwa, nina pingamizi." Aurelia alisogea mbele. "Baba yangu hana kumbukumbu. Mimi binti yake hanijui. Kaka anataka kumwandikisha kitu asichokielewa."

"Majirani, ni kweli?"

Majirani walitazamana. Wiki zote hizo waliambiwa jibu moja tu, nao walikuwa watu wa kushika neno. "Ni kweli, mheshimiwa. Kichwa kimechoka." Yule jirani wa upande wa juu akaongeza, bila kuombwa, kwamba ukimwongelesha ni kama unaongea na nguzo. Otto aliusikiliza uongo wake ukirudi nyumbani, umenenepa, umevaa viatu.

Honorata alifunika kalamu yake. "Basi hapa tunaruka."

"Mheshimiwa, subiri kidogo." Bi Zuhura alikuwa ameshapenya kati ya watu, beseni begani. "Mimi ni mtani wake. Nina neno kabla hamjamfukia."

Mtu mmoja akacheka, watu wakampisha. Mtani hazuiliwi msibani, atazuiliwa kwenye vipimo? Bi Zuhura alitua beseni, akamvua mzee kofia, akaivaa, akachuchumaa mbele yake.

"Wee Mngoni. Nasikia ulikuwa dereva. Nikasema, Mngoni na usukani wapi na wapi?"

Kunguru akaruka. Mzee akalitazama paa tupu.

"Nimeuliza nikaambiwa ukweli. Lile basi hukuliendesha. Ulikuwa unaliosha. Dereva alikuwa Myao."

Watu wakaangua kicheko. Shavu la mzee likacheza.

"Tena Myao wa Nalasi, mjomba wangu kabisa. Wewe unamfuata nyuma na ndoo: bwana dereva, bwana dereva, nikufutie kioo?"

"Mjomba wako yupi?" mzee aliuliza.

Aurelia akaziba mdomo kwa mkono.

"Daimu," Bi Zuhura alisema.

"Daimu!" Mzee Hironimus alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Daimu alikuwa konda! Na ukonda wenyewe ulimshinda! Alikuwa anasinzia ameshikilia kamba ya kengele, kengele inalia kutoka sokoni mpaka Mfaranyaki, mimi nasimama kila mti nadhani kuna mtu anashuka! Dereva, Daimu? Daimu hata punda hakupewa aongoze!"

Kicheko kiliinuka, hata Honorata akageuza uso. Mzee alikuwa hazuiliki tena. Alisimama katikati ya ua, mikono yake imeshika usukani mkubwa ambao wote sasa waliuona.

"Mimi nililiendesha miaka yote mpaka lilipokufa. Lina pua ndefu, injini mbele, rangi ya bluu na nyeupe. Naliwasha mtaani Mahenge kwa kulisukuma. Mfaranyaki kile kilima halipandi, wanaume wote wanashuka wanasukuma, akina mama wanabaki ndani na kuku zao wanatucheka. Majengo. Bombambili. Breki ni ya kumwomba Mungu. Mvua zikija kama hizi, matope yanaingia kwa chini, abiria wanainua miguu kama wako kwenye mtumbwi. Na Jumatano! Jumatano ndiyo siku yenyewe. Mabwana wakubwa wamevaa suti, masanduku yao juu, wananiambia Gama, kimbiza, tutaachwa. Nakimbiza. Nafika moja kwa moja, naligeuzia..."

Akasita.

Honorata alikuwa ameifunua kalamu. "Unaligeuzia wapi, mzee?"

Pengine aliuliza kwa kunogewa tu na hadithi. Pengine ndilo swali alilotumwa kuja kuliuliza. Uso wake haukusema. Bwana Rupert alikuwa amekunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Anord aliinua simu juu kidogo asikose sauti.

Mzee Hironimus alitazama chini, pale viatu vyake vilipokuwa. Alikuwa amesimama juu ya jibu. Mahali pale alipageuzia basi mara zisizo na idadi, vumbi likipanda, ndege ndogo ikingoja injini ikiunguruma, na katika maisha yake hakuwahi kuulizwa swali hilo akalijibu kwa maneno machache. Akainua macho akamwona Otto. Otto hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alikuwa na uso wa mtu anayetazama ukuta ukiinama.

"Lizaboni," mzee alisema. "Naligeuzia Lizaboni, palipokuwa na duka la Mwarabu. Kuna lori la posta lilikuwa linawachukua pale. Huku hakukuwa na njia. Huku ilikuwa mihogo."

Macho yakahama yote yakamwangukia Anord. Alikuwa amezunguka mji mzima na simu ile. Kama kuna mtu aliyeambiwa vingine, ni yeye. Alihitaji tu kufungua mdomo. Akaufungua.

"Asante, mzee," alisema, akaishusha simu.

Honorata aliandika. "Dada, huyu ana kumbukumbu kuliko mimi. Pingamizi lako bado lipo?"

Aurelia alimsogelea baba yake. "Mimi ni nani?"

"Wewe ni Aurelia," mzee alisema. "Ulinitapikia kwenye lile basi, uko mgongoni kwa mama yako. Kofia yangu ya kazi ilinuka mwezi mzima."

Wakapima. Bi Zuhura aliondoka na kofia.

*

Anord alikuja mara ya mwisho, raba zake sasa zimekuwa nyekundu kama miguu ya kila mtu. Alikaa kwenye benchi bila simu, viganja vikiwa wazi magotini ili waone hakuna kitu.

"Mzee, sirekodi. Ni kwa ajili yangu tu. Wazee wawili wa Mfaranyaki wameniambia basi lilikuwa linafika huku, mpaka ndege zinapokaa."

"Wazee wa Mfaranyaki ni walevi."

"Babu yangu pia alikuwa ananiambia hivyo. Ndiyo maana nilikuja."

Stumai alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, hafagii.

"Lizaboni," mzee alisema.

Kama yule kijana alikuwa na babu kweli, Tambarare haikujua. Lakini Stumai aliisikia sauti ya baba mkwe wake kwenye simu ya mteja, wiki ile: Daimu na kengele, kilima cha Mfaranyaki, mabwana wa suti, Lizaboni. Chini yake watu walikuwa wameandika wengi, kutoka Dar, kutoka Mbeya. Kweli kabisa, aliandika mmoja, mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka basi likigeuza pale Lizaboni kwenye duka la Mwarabu. Mwingine alikumbuka mpaka jina la Mwarabu. Stumai alimrudishia mteja simu yake, akafuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na kitu.

Jioni kabla Aurelia hajarudi Namtumbo walikula pamoja, ugali na mbasa wa kuchoma. Ile sukari ilishushwa kabatini hatimaye, chai ikanywewa. Rozari ilikuwa imerudishwa kwa mwenyewe. Mzee alikuwa anaongea bila kukoma, kama bomba lililozibuliwa, na watoto wake walicheka mpaka Aurelia akamwomba Stumai radhi, kwa sauti ndogo, akimpa kipande chake cha samaki. Stumai alikipokea. Alikigeuza mara mbili kabla ya kukila.

"Hati ikitoka," mzee alisema akinawa mikono, "mama yenu aliacha neno."

"Neno gani, baba?" Aurelia aliuliza.

"Siku ile ya mwisho, hospitali. Alinishika hapa. Akasema, Hironimus, kiwanja mgawie Aurelia nusu na Otto nusu. Nusu kwa nusu. Asinyimwe kwa kuwa ni mwanamke."

Aurelia akaanza kulia. Stumai aliacha kukusanya sahani.

Otto alimtazama baba yake usoni. Alizijua nyufa zote za ukuta, zile za msingi na zile za plasta tu, alizitambua kwa kugonga kidole. Uso wa baba yake ulikuwa umetulia. Ulikuwa hivyohivyo pale uani, aliposema Lizaboni mbele ya yule mama wa buti.

"Mbona mimi nilikuwepo siku hiyo," alisema. "Sikusikia."

"Ulikuwa umetoka kuchota maji," mzee alisema.

Otto alijaribu kukumbuka kama kweli alitoka kuchota maji. Hakukumbuka.